Ngoma ya Kumi na Mbili

Bi Veneranda Nantanga alinipigia simu saa mbili asubuhi,
sauti bado ina usingizi wa Ipswich:
"Ngoma zangu zimefika. Nije na gari?"
Usije na gari, nikamwambia. Njoo na karatasi.

Miaka kumi na tisa nasoma karatasi bandarini Felixstowe.
Dirisha langu linatazama makreni,
na nyuma ya makreni, bahari ya rangi ya sufuria kuukuu.
Watu hudhani natoa mizigo. Sitoi kitu.
Nabisha hodi kwa niaba ya vitu visivyo na kinywa.

Vingi havina haja ya hodi. Vikombe vya bati, kanga,
kufuli, masufuria: hivyo huingia kama watoto wa nyumbani.
Unataja jina, unataja thamani, unalipa ushuru, basi.
Lakini chochote kilichowahi kupumua,
kilichowahi kuchipua, kinachoweza kuficha yai la mdudu
katika ufa mwembamba kuliko uzi,
hicho huulizwa: nani wewe, na nani alikuruhusu?

Na huulizwa kabla ya safari. Hapo ndipo wengi hukwama.
Hodi hupigwa ukiwa nje, kibarazani,
si ukishavua viatu na kuketi kwenye kochi la watu.
Kibali chenye tarehe ya baada ya meli
ni mwavuli ulionunuliwa umeshalowa.

Ngoma kumi na mbili kutoka Mtwara, magogo ya mkorosho,
za watoto wa darasa lake la Jumamosi.
Kumi na moja zimewambwa ngozi ya mbuzi.
Mbuzi ana cheti; daktari wa mifugo ametia sahihi.
Ya kumi na mbili, ndogo, nyembamba kiunoni,
nikaipapasa kwa kidole.
Magamba.
Punje kwa punje, kama shanga zilizotungwa na mtu mwenye subira.

"Bi Veneranda, hii ngozi ya nini?"
"Ya kenge. Fundi Chilumba kaniongezea, zawadi.
Hiyo ndiyo inayoongoza. Nyingine zinaitikia tu."

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Kwenye msafara wa mamba, na kenge wamo.
Ila fomu haichekeshwi na methali.
Fomu inataka jina la Kilatini la kenge,
kama aliwindwa au alifugwa,
na nani aliyewahesabu waliobaki mtoni.
Inataka kibali cha huko atokako
na kingine cha huku aendako,
vishikane mikono kabla nanga haijang'olewa.
Fundi Chilumba alikuwa na kisu, vigingi vya mti, na moyo mweupe.
Nimetafuta kisanduku cha moyo mweupe ukurasa wa tatu, wa nne.
Hakipo.

"Kibali," akasema Bi Veneranda, taratibu,
"sisi kanisani tunakiombea."
Huku pia tunakiomba, nikamjibu,
ila majibu huja siku za kazi.
Hakucheka. Nikatamani ningenyamaza.

Alasiri akaja afisa, Bwana Hargreave,
koti la manjano, mtu mpole, mafua hayamwishi.
Zile kumi na moja akaziachia.
Ile ndogo akaiinua, akaigeuza kwenye mwanga.
Hakuichukia; nilimwona.
Akaifunga kitambulisho chenye nambari,
na kabla ya kuipeleka stoo,
ikakae na mkoba wa chatu wa mtu wa juzi,
akaigonga kwa kifundo cha kidole,
mara mbili,
nadhani kutaka kujua kama ndani mna kitu.

Ikalia.
Nami, na karatasi zangu zote za miaka kumi na tisa,
nusura niitike: Karibu.